Dondoo muhimu: Ndugu mwenye ulemavu wa akili anapoanza kusahau

Usiseme "ndivyo alivyozaliwa." Ulemavu wa akili haumpokonyi mtu alichokwisha kujifunza. Dada aliyepepeta mtama mwenyewe miaka yote, na sasa anashika ungo asijue aanzie wapi, anaumwa.

Wenye sindromu ya Down waangaliwe mapema, tangu miaka 35. Kromosomu yao ya ziada, namba 21, ina jeni ya protini inayorundikana kwenye ubongo, na wengi huanza demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kujimudu, wakiwa na miaka 50 na kitu. Andika daftarini leo, akiwa mzima, anayoyaweza: kuvaa, kuchota maji, kuwataja majirani kwa majina. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko maswali ya kawaida ya kumbukumbu, ambayo hata ujanani yangemshinda.

Usikubali haraka kuwa ni demensia. Katika hospitali ya wilaya hapa Mpwapwa, omba aangaliwe masikio, mtoto wa jicho, upungufu wa damu, tezi ya shingo na dawa anazotumia, hasa za kifafa. Mengi kati ya hayo hutibika. Ikibidi, omba rufaa ya hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma.

Nyumbani usimbishie. Sema jambo moja kwa wakati, na kama alilelewa kwa Kigogo, zungumza naye Kigogo. Akianza kupaliwa na chakula au kupata degedege ukubwani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kaka na shangazi, mpokeeni mlezi zamu. Asiachiwe mtu mmoja usiku na mchana.