KUTU INAKULA KIMYA: Chungulia chini mbele ya kununua motokari ya zamani

Ndugu mufanyakazi, umeweka feza mwezi kwa mwezi. Sasa mutu mumoja wa Nyangwe anakuonyesha Land Rover ya zamani. Rangi inangaa, moteri inawaka mara moja. Usilipe bado! Motokari hiyo itabeba bibi yako na watoto ku soko na ku hospitali. Chungulia chini kwanza.

Sababu gani inadanganya macho? Land Rover ilianza kuuzishwa Uingereza mwaka 1948. Nyuma ya vita chuma kilikuwa haba, kwa hiyo mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu nyekundu. Lakini shasi ni ya chuma, tena ndani iko wazi kama sanduku. Matope na maji yanaingia, yanabakia humo, na kutu inakula toka ndani kuja inje. Mwili ni muzuri, mifupa imeoza. Toyota Land Cruiser ya zamani iko na mwili wa chuma: kutu inashika hata milango na sakafu.

Kumbuka: udongo wetu na kutu vinafanana rangi. Omba mwenye kuuza aoshe motokari chini, ndipo upime.

NAMNA YA KUPIMA

1. Gonga shasi polepole na nyundo ndogo, mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito. Hapo choma na kitu chenye ncha. Kikiingia, ni tundu.

2. Tazama sana mahali lame zinashikwa, chuma cha kukingama nyuma, na ukuta wa mbele ya miguu ya dereva.

3. Ku mwili wa chuma pitisha sumaku. Pasipo kushika, kuna mastiki chini ya rangi. Ku aluminiamu sumaku haisaidii kitu.

4. Tazama mirija ya freni. Ikiliwa na kutu, ibadilishwe mbele ya safari. Tazama na bomba ya moshi: ikitoboka, moshi unaingia ndani. Sumu yake haina harufu, na inaua abiria usingizini.

UNUNUE AO UACHE?

Kutu ya juu tu: brosi ya chuma na rangi zinatosha. Tundu dogo mbali na lame: linatengenezeka, lakini bei ishuke. Shasi imeoza penye lame: acha, isipokuwa umepata shasi ingine nzima.

KUTENGENEZA

Fundi akate mpaka kufikia chuma kizima, aweke kipande cha unene uleule, achomee pande zote, si nukta nukta. Mastiki haibebi muzigo. Kiisha rangi ya kuzuia kutu inje, mafuta ndani, na tundu za kutoa maji zizibuliwe.

ANGALISHO!

Usiingie chini ya motokari iliyosimama ku kriki peke yake: weka magogo manene. Mbele ya kuchomea, toa waya za batri na ondoa tangi. Tangi tupu ya esanse inabakia na mvuke wa kulipuka. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi: usiisugue kavu, ilowanishe, na watoto wakae mbali. Vaa miwani ya kazi.

Feza ikipotea utaitafuta tena. Jicho halina duka.