Shahada kwa Muuguzi Aliye Kazini: Maswali na Majibu

Mwalimu, nina miaka 15 wodini na stashahada yangu. Vijana wa shahada wanakuja hawajui hata kumtafuta mgonjwa mshipa, mimi ndiye nawafundisha. Shahada itanipa nini ambacho uzoefu haujanipa?

Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, nami nitazijibu kwa kirefu, kwa sababu imani iliyomo inawagharimu wagonjwa. Ni kweli kijana aliyetoka chuoni jana hakushindi kwa wepesi wa mkono. Lakini wepesi wa mkono ni kitu kimoja, na uamuzi ni kitu kingine. Mwaka 2003 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwa kila nyongeza ya wauguzi 10 wenye shahada katika kila wauguzi 100, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Walipima pia wastani wa miaka ya uzoefu. Miaka hiyo, ikitazamwa peke yake, haikuonyesha tofauti yoyote ya maana katika vifo.

Wapo watakaosema hospitali zenye wauguzi wa shahada ni zile tajiri, kwa hiyo kinachookoa ni mashine. Watafiti waliliona hilo mapema: katika hesabu zao waliingiza ukubwa wa hospitali, teknolojia iliyopo, idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, uzito wa ugonjwa na hata sifa za daktari mpasuaji. Tofauti ikabaki. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mwingine kutoka nchi 9 za Ulaya, hospitali 300 na wagonjwa zaidi ya 420,000, na safari hii upungufu ulikuwa asilimia 7. Tafiti za aina hii zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo. Hata hivyo, uhusiano uleule unapojitokeza katika mifumo ya afya isiyofanana, anayeupuuza ndiye anayedaiwa maelezo.

Sababu yenyewe si fumbo. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji mara nyingi haporomoki ghafla: anaanza kupumua kwa kasi, mkojo unapungua, anakuwa na wasiwasi usioeleweka, na presha inashuka baadaye. Muuguzi anayeelewa kwa nini dalili hizo zinakuja pamoja atampigia daktari saa nane usiku na kumpa hoja asiyoweza kuikataa. Shahada nzuri inajenga hapo hasa: sayansi ya mwili kwa kina, kusoma tafiti na kuzipima, na kusimamia wenzako. Uzoefu unakufundisha yale ambayo wodi yako imezoea kuyafanya. Kama mazoea hayo yana kosa, miaka 15 italikomaza kosa hilo, na hakuna atakayeliona kwa kuwa wote mlilelewa nalo. Muuguzi mwenye uzoefu akiongeza shahada ndiye ninayetaka kumwona kando ya kitanda, na ndiyo maana njia ya masomo kwa walio kazini ni muhimu kuliko kuwasubiri wahitimu wa kidato cha sita peke yao.

Najua pingamizi la mwisho: Tanzania si Pennsylvania. Ndiyo, na tofauti hiyo inaipa hoja yangu nguvu zaidi. Katika kituo cha afya ambako daktari yuko mbali, uamuzi wa muuguzi ndio wa kwanza na wakati mwingine ndio pekee. Ila kiongozi asije akatumia maneno haya kukwepa kuajiri. Utafiti uleule wa 2014 ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi mmoja aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo. Shahada haimpi mtu mikono minne.

Kuna mtu ana jamaa yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), anasema nikituma hela nitapata nafasi. Nimwamini?

Huyo ni kishoka. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, si TCU.

Wasomaji wa Mtwara, Kahama na Tanga wanauliza, kila mmoja kwa namna yake, kuhusu shahada za nje za miezi michache, bila mafunzo kwa vitendo.

Nawajibu kwa pamoja: msilipe hata shilingi kabla ya kuuliza TCU kama tuzo hiyo inatambuliwa, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kama linaikubali. Kusoma kwa mtandao si kosa. Kosa ni kununua cheti. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka kuhusu vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyouzwa kupitia vyuo vitatu vya Florida. Walionunua walijiita werevu waliookoa muda, na wagonjwa hawakuulizwa.

Stashahada yangu ina GPA ya 2.8. Nitapita?

Kiwango cha jumla cha TCU ni 3.0, kwa hiyo 2.8 haitoshi kuingia moja kwa moja. Ulizia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria.

Mwajiri hataki kunipa ruhusa, anasema wodi itabaki tupu. Niondoke tu?

Usiondoke bila kibali cha maandishi, maana mtumishi wa umma akifanya hivyo anahesabiwa mtoro kazini. Lakini hofu ya mwajiri wako ina dawa. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwasomesha wauguzi waliosajiliwa wa Afrika Mashariki kwa mpango wa kuingia darasani siku chache za wiki huku wakiendelea na kazi. Kinachohitajika ni ratiba ya zamu iliyopangwa kwa makusudi, na hiyo haiko mikononi mwa muuguzi. Waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi mnaosoma hapa: ingizeni majina katika mpango wa mafunzo wa mwaka ujao, wawili kwa wawili kwa kupokezana, na mwambieni kila mmoja kwa maandishi zamu yake itafika lini.