Dirisha la Zamani: Lipi Litengenezwe, Lipi Ling'olewe

Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, madirisha ya mninga na mvule yanang'olewa na kurundikwa nyuma ya nyumba, mahali pake ikawekwa aluminiamu ya kusukuma. Baadhi yalistahili kung'olewa. Mengi yalihitaji bawaba mpya na pati mpya tu, na mwenye nyumba alilipa fedha nyingi kununua dirisha linaloingiza nusu ya hewa aliyokuwa nayo. Umri wa dirisha peke yake haukwambii mengi. Kinachoamua ni hali ya fremu, na fremu unaweza kuikagua mwenyewe, kabla fundi hajaja, kwa bisibisi, futi na ndoo ya maji.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanakoingilia

Wakati mzuri wa kukagua ni masika, kati ya Machi na Mei, mvua inapopiga ukuta kwa upepo. Kama ni kiangazi, tumia mpira wa maji au ndoo. Mtu mmoja asimame nje amwage maji, mwingine abaki ndani na tochi. Anzeni chini, kwenye ukingo wa dirisha, msubiri dakika chache, kisha mpande taratibu: maungio ya fremu na ukuta, kingo za kioo, mwisho juu karibu na linta. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua tundu liko wapi.

Mara nyingi mtagundua kuwa dirisha halina kosa. Maji yanapita kwenye ufa kati ya fremu na lipu, au ukingo wa zege umejengwa ukiinamia ndani badala ya nje. Hapo dawa ni kuziba ufa na kurekebisha ukingo uinamie nje, na chini yake uachwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Ukibadilisha dirisha na kuacha ukuta ulivyo, masika ijayo utaita fundi tena.

Hatua ya 2: Choma fremu

Kwa dirisha la mbao, shika bisibisi na uchome kipande cha chini cha fremu, hasa kwenye pembe mbili ambako mbao zimeungana. Huko ndiko maji hukaa. Mbao nzima hugoma. Mbao iliyooza huachia, na bisibisi huzama bila kulazimishwa. Kama uozo uko kwenye pembe moja, seremala mzuri atakata sehemu mbovu kwa mshazari, aunge kipande kipya cha mbao ya aina ileile kwa gundi na skrubu, na dirisha litaishi miaka mingi. Kama pembe zote za chini zimelainika na uozo umeanza kupanda kwenye nguzo za pembeni, fremu hiyo ing'olewe.

Ukiona vijia vya udongo ukutani, ni mchwa. Hapa tafadhali usikimbilie dirisha jipya. Mchwa wanatoka ardhini, na fremu mpya ya mbao wataifikia kwa njia ileile. Tibu kwanza msingi na udongo unaozunguka nyumba. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaodondoka, huyo ni bungua, na mara nyingi sehemu aliyoitoboa inaweza kupakwa dawa au kubadilishwa peke yake.

Dirisha la chuma lina ugonjwa wa namna nyingine. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo fremu inavimba polepole. Ndiyo maana kioo hupasuka pembeni bila kupigwa na mtu, na lipu hubanduka kuzunguka dirisha. Kwaruza kutu yote. Ikiwa chini yake kuna chuma kigumu, osha kwa maji baridi kuondoa chumvi ya bahari, acha pakauke kabisa, sugua kwa brashi ya waya, kisha paka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Pwani, chuma kilicholala wazi usiku mmoja huanza kutu upya. Ikiwa unaona matundu, au kipande cha chini kinameguka mkononi, umefika mwisho wa matengenezo.

Tahadhari moja: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usizipige msasa zikiwa kavu. Lowanisha kwanza, watoto wawe mbali, na vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Luva ni rahisi kuliko zote. Kioo kilichovunjika hubadilishwa kimoja kimoja, na vishikio vyake pia hubadilishwa. Sababu za haki za kuziondoa ni mbili: vioo vyake huchomoka kwa urahisi mkononi mwa mwizi, na hazizibi vizuri, hivyo chumba chenye kiyoyozi hupoteza ubaridi unaoulipia umeme.

Hatua ya 3: Pima kama fremu imepinda

Pima kwa futi kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo vikilingana au kukaribiana, fremu iko sawa, na dirisha lisilofunga lina shida ya bawaba, komeo au rangi iliyorundikana. Vikitofautiana sana, fremu imevutwa. Tazama ukuta wa juu: ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha ni dalili ya msingi kushuka au linta dhaifu. Hilo ni suala la fundi mwashi au mhandisi, na lishughulikiwe kabla ya dirisha lolote jipya.

Hatua ya 4: Hesabu hewa

Hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapopoteza, na ndipo ninapokuomba utulie. Chukua dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.8. Dirisha la mbao la vipande viwili vinavyofunguka nje huachia karibu eneo lote hilo. Dirisha la kusukuma la vioo viwili, hata ulifungue hadi mwisho, huachia nusu, yaani mita za mraba 0.9, kwa sababu kioo kimoja husimama nyuma ya kingine. Weka wavu wa mbu na hewa inapungua zaidi. Katika chumba cha kulala mwezi wa Februari, tofauti hiyo utaihisi usiku kucha.

Aluminiamu si adui. Haiozi na mchwa hawaili. Tena inatengenezwa pia katika umbo la kufunguka kwa bawaba, na kwa vyumba vya kulala ningechagua umbo hilo kila mara. Wala usibadilishe dirisha kwa kuamini kwamba kioo kipya kitaondoa joto. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha jua kama kile cha zamani. Kivuli cha nje, iwe kibaraza, paa lililotokeza au mti upande wa magharibi, hufanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu jua linazuiwa kabla ya kugusa kioo.

Hatua ya 5: Linganisha bei nzima

Mwombe seremala au fundi wa kuchomelea bei ya matengenezo, na fundi wa aluminiamu bei ya dirisha jipya. Kisha ongeza kwenye bei ya pili yale yasiyotajwa: kubomoa, lipu upya, rangi ya ukuta, nyavu, na grili kama ya zamani imeshikana na fremu. Matengenezo yakizidi nusu ya jumla hiyo, na fremu imefeli kipimo cha bisibisi, badilisha. Yakiwa chini ya nusu, tengeneza. Si lazima nyumba nzima ifanywe kwa mkupuo: anza na upande unaopigwa na mvua ya kusi.

Wenye nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar wana hatua ya ziada. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kugusa madirisha yake kunahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi ya mji huo. Nenda kwao kabla ya kumlipa fundi.

Hatua ya 6: Ukiagiza jipya, simamia

Upana upimwe sehemu tatu: juu, katikati na chini. Urefu vilevile. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata. Dai skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya aluminiamu, kwenye hewa ya chumvi, huila aluminiamu inayoizunguka. Hakikisha reli ya chini ina matundu ya kutolea maji upande wa nje. Fremu ifunikwe kwa utepe wakati wa kupiga lipu, maana saruji mbichi huiunguza na kuiachia madoa yasiyotoka.

Na grili: katika kila chumba cha kulala, agiza angalau moja inayofunguka kwa ndani. Moto ukizuia mlango, dirisha ndilo njia iliyobaki. Usimalizie malipo kabla hujaifungua na kuifunga mwenyewe mbele ya fundi, na ufunguo wake utundike karibu na dirisha, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaufikia lakini mkono wa mtu wa nje haufiki.