UKOO NA MSINGI WA KANISA
Somo kwa wainjilisti na wazee wa kanisa

Huku Kabanga, na katika Uha yote, ukoo ni neno kubwa. Mgeni huulizwa kwanza, "U mtoto wa nani?" Basi mwezi huu twajifunza swali hili: Je, kanisa lajengwa juu ya ukoo? Wamisionari wa Kidachi waliliuliza zamani, na jibu lao lilitoka kwa sehemu katika vitabu vya wenye hekima wa kwao. Yatupasa kuyapima mawazo hayo.

1. Wenye hekima wa Udachi

Hegel, mwalimu wa Berlin, alifundisha ya kuwa historia ya dunia ni safari ya roho kuelekea uhuru; lakini Afrika aliiacha nje ya safari hiyo. Mafundisho yake yalipigwa chapa mwaka 1837, yeye mwenyewe amekwisha kufa tangu 1831. Naye hakukanyaga Afrika kamwe.

Wengine walimfuata Herder, aliyekufa mwaka 1803. Huyu alifundisha ya kuwa kila taifa lina lugha na roho yake, wala halifai kudharauliwa. Tena mwaka 1887 Ferdinand Tönnies alipambanua namna mbili za kukaa pamoja: umoja wa asili, kama wa jamaa na kijiji, na ushirika wa mapatano, kama wa mji na biashara.

2. Bruno Gutmann

Mawazo ya namna hii ya pili yalifika Kilimanjaro pamoja na Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig. Alikuja mwaka 1902, akafanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale, hata 1938. Alisema ya kuwa ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovitia Muumba, na kanisa livitumie. Kwa hiyo vijana wa kipaimara aliwaunganisha wachache wachache, wapate kuchungana kama marika ya zamani. Akaandika sheria za Wachaga katika kitabu cha mwaka 1926, na mafundisho ya wazee katika vitabu vitatu, 1932 hata 1938. Wengine walipodharau, yeye aliketi akasikiliza. Twashukuru kwa hayo.

3. Waliompima

Lakini mtu mwema aweza kukosea. Mwaka 1948 Hoekendijk, Mholanzi, aliandika kitabu akiwaonya wamisionari wa Kidachi ya kuwa wamelipa taifa cheo kikubwa mno katika kazi ya Injili. Alikuwa na sababu. Tangu 1933 watawala wa Udachi walifanya maneno ya damu na ardhi kuwa sheria, wakawatenga watu na kuwaua. Ndiyo maana mwaka 1934 Wakristo waliokutana Barmen walikiri ya kuwa kanisa lina Bwana mmoja tu, Yesu Kristo.

Naye Klaus Fiedler, katika kitabu cha mwaka 1996, ameonyesha ya kuwa mara nyingine mmisionari alitaka kuhifadhi desturi ambazo Wakristo Waafrika wenyewe walitaka kuziacha. Hapo twaona kosa: mgeni aliyeipenda mila aliweza kumwamulia mwenyeji, sawasawa na yule aliyeidharau.

4. Sisi je?

Vifungo vya kale havikuwa vyote vya upendo. Wazee wa Uha wajua habari za ubugabire: mtu alipewa ng'ombe, naye akawa chini ya bwana aliyempa. Je, tuseme na hicho ni kifungo cha Muumba?

Tena, mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa ajili ya watu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wengi walipokewa humo. Kama msingi wa kanisa ni damu na ardhi, mkimbizi ataketi wapi? Hana ardhi kwetu, wala hana ukoo kwetu.

Basi twasema hivi: ukoo ni zawadi, nayo zawadi hutumiwa kwa shukrani, bali msingi ni mmoja (1 Wakorintho 3:11). Ukoo ukimlea yatima, tuusifu. Ukimfungia mgeni mlango, tuukemee.

Maswali ya kujibu pamoja:
1. Ni desturi gani ya ukoo wako inayosaidia usharika? Ni ipi inayouzuia?
2. Nani anaamua desturi ipi ishikwe?
3. Someni Waefeso 2:11-22. Mgeni wa karibu nanyi ni nani?