Kupima ulevi kazini: pa kuanzia

*Nina malori Morogoro. Alfajiri madereva wengine huja wananuka pombe. Naweza kuwapima bila kuvunja sheria? – Mwenye malori*

Hofu yake ina msingi. Mwili hupunguza pombe polepole, hivyo aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kushika usukani alfajiri akiwa bado na kilevi, ingawa anajiona mzima.

Kabla ya kununua kipimo cha pumzi, aandike kanuni pamoja na wafanyakazi na chama chao: nani anapimwa, lini, na nini kinafuata. Meneja naye apulize. Bila hivyo kanuni haitaheshimiwa.

Pombe iliyobaki mdomoni, hata ya dawa ya kusukutulia, hudanganya kifaa. Kikionyesha pombe, dereva asubiriwe dakika 15, apimwe tena. Akithibitika ana kilevi, asiendeshe, na arudishwe nyumbani salama.

Majibu yabaki siri; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za afya. Kumfukuza mtu papo hapo bila kumsikiliza ni kukaribisha kesi.

Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa 1996, linataka matatizo ya pombe yashughulikiwe kama tatizo lingine lolote la afya. Anayetetemeka asubuhi mpaka anywe apelekwe hospitali haraka: kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.