SOMO LA KIINGEREZA: NENO DOGO NDILO LINALOONYESHA NJIA



Mu mazoezi ya Kiingereza kuna kosa moja linalorudi kila mara. Maneno makubwa tunayajua: "house", "river", "go". Lakini maneno madogo kama "at", "to", "from", "in" tunayaweka kwa kubahatisha. Kifaransa kinayaita prépositions, Kiswahili sanifu vihusishi. Mu mtihani wa Serikali maswali ya Kiingereza ni ya kuchagua jibu, na neno dogo moja linaweza kutenganisha jibu la kweli na la uongo. Basi tutafute mzizi wa kosa.

1. "Ku" moja, maneno matatu

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare tunasema:
Niko ku masomo. – I am at school.
Ninaenda ku masomo. – I go to school.
Ninatoka ku masomo. – I come from school.

Angalieni vizuri. Kwetu "ku" haibadiliki, kwa sababu kitendo chenyewe (kuwa, kwenda, kutoka) kinaonyesha njia. Mu Kiingereza kazi hiyo inafanywa sana na neno dogo. Ukilikosea, mambo yanageuka:
He took the money to the teacher.
He took the money from the teacher.

Kitendo ni kilekile, "took". Mtu wa kwanza amepelekea mwalimu franga. Wa pili amezikamata kwake. Mmoja tutamshukuru, mwingine tutamwuliza maswali! Kwa hiyo usiulize: "Ku" inaitwaje mu Kiingereza? Uliza: Mtu huyu anakaa, anaenda, ao anatoka?

2. "Juu ya" na "na"

Kitabu kiko juu ya meza: on the table.
Ndege inapita juu ya nyumba: over the house.
Tunazungumza juu ya mtihani: about the exam.
Nimechelewa juu ya mvua: because of the rain.

Anayeandika "I am late on the rain" amefuata Kiswahili chetu mpaka shimoni. Vilevile "na": kukata na kisu ni "with a knife", kuitwa na mwalimu ni "by the teacher", kuja na baiskeli ni "by bicycle", lakini kuja na miguu ni "on foot".

3. Neno lililojificha mu kitendo

Kiswahili kinaweza kuficha kihusishi ndani ya kitendo. Kuandika, kuandikia, kupika, kupikia. Ninamwandikia baba: I write to my father. Mama ananipikia: Mother cooks for me. Ukisikia ile "-ia" ao "-ea", simama kidogo, kwa maana Kiingereza mara nyingi kitadai "to" ao "for". Na vitendo vingine mvishike kwa kichwa pamoja na neno lake: wait for, listen to, look at.

4. Mtego wa Kifaransa

Kifaransa kinasema "répondre à", "obéir à", na sisi tunaandika "answer to the question", "obey to my parents". Hapana! Ni "answer the question", "obey my parents", bila kitu katikati. Tena "depuis" inatudanganya: kwa muda mzima tumia "for" (for three years), kwa mwanzo wa muda tumia "since" (since Monday).

Kwa wakati: mwaka ao mwezi unataka "in", siku inataka "on", saa inataka "at".

5. Zoezi

Jazeni nafasi. Habari ni ya inchi yetu; Bambarre ndivyo Livingstone alivyoandika jina la Kabambare.

a) Livingstone travelled ... Ujiji ... Bambarre ... 1869.
b) He reached ... Nyangwe ... March 1871.
c) Nyangwe is ... the bank of the Lualaba.
d) ... 15 July 1871, traders' men fired guns ... the people ... the market.

Majibu: a) from, to, in. b) hakuna neno, kwa maana "reach" halitaki kihusishi, kisha in. c) on. d) on, at, in.

Mu sentensi ya mwisho, "at" ndiyo inayoonyesha kwamba bunduki zilielekezwa kwa watu wenyewe. Watu wengi sana walikufa siku ile, na Livingstone aliona kwa macho yake. Ukiandika "for the people", unasema bunduki zilipigwa kwa faida yao. Neno la herufi mbili linabeba ushuhuda mzima.

Shauri letu: mu daftari usiandike kitendo peke yake. Andika sentensi nzima, isome kwa sauti, umpe mwenzako aisahihishe. Mazoezi mema!