Mvua inasuuza dawa ya ukungu

*Nalima nyanya Lushoto. Masika haya napuliza mankozebu asubuhi, mchana mvua inashuka, na ukungu unazidi kula majani. Muuza pembejeo ananiambia ninunue stika, jirani anasema sabuni ya unga inatosha. Nimsikilize nani?*
Mama mkulima, Lushoto

Pole sana, mama. Sabuni ya unga usiitie kwenye bomba. Ni kweli inafanya maji yatandae, ndiyo maana jirani anaona jani limelowa vizuri. Lakini sabuni hiyo inabaki juu ya jani pamoja na dawa. Mvua ikinyesha inayeyuka tena na dawa inaondoka nayo. Tena inaharibu nta inayolilinda jani lenyewe.

Stika ya kweli hutengenezwa kwa vitu kama utomvu wa misonobari au mpira mwepesi. Ikikauka huacha utando unaoshikilia chembe za dawa. Mankozebu inauhitaji utando huo kwa sababu haipenyi ndani ya jani, inakaa juu tu, na mvua ya milimita 25 hivi yaweza kuondoa karibu nusu yake. Ila muulize muuzaji: hii ni ya kunatisha au ya kutandaza tu? Zipo chupa zinazoitwa stika kumbe kazi yake ni kutandaza. Soma pia lebo ya mankozebu yako, maana dawa nyingine zimeshatiwa vinatishi kiwandani, na ukizidisha, dawa inachuruzika hadi chini.

Hata stika nzuri ikinyeshewa kabla haijakauka ni hasara. Puliza mara umande unapokauka, usingoje mawingu ya mchana yakusanyike, na elekeza mdomo wa bomba chini ya majani pia. Jaribu kwanza kwenye miche michache uone kama majani yanaungua.

Kuna dawa zinazopenya, kama metalaksili, ambazo mvua haizisuuzi zikishaingia ndani. Usizitumie mfululizo, kwani ukungu huu huzizoea haraka. Zibadilishe na za aina nyingine.

Na majani yaliyochipua baada ya kupuliza hayana dawa kabisa, stika au bila stika. Kwa hiyo mvua kubwa ikipita, kagua shamba na urudie kama lebo inavyoruhusu. Nyanya zikikaribia kuiva, hesabu vizuri siku za kusubiri kabla ya kuvuna: dawa iliyonata kwenye jani imenata kwenye tunda pia, na tunda hilo linakwenda sokoni na mezani kwako.